Ukumbi Mzima Ulimwitikia Agnesi

Igowole, Jumapili, mwezi wa saba. Ukungu umekalia mashamba ya chai tangu alfajiri na hauonyeshi nia ya kuondoka. Ni miaka thelathini na nane na miezi mitano tangu nitoke katika nyumba hii nikiwa na sanduku la bati, koti la kuazima, na barua ya kwenda kufundisha hisabati Kabwe, Zambia, kwa miaka miwili.

Naandika nikiwa chumbani kwangu. Nimeandika "kwangu," kisha nikasita. Sababu ya kusita huko ndiyo habari yenyewe ya leo.

Nina furaha. Nianze na hilo, maana mzee akishika kalamu watu hujiandaa kusikia malalamiko. Jana nilikaa kwa muda wa saa nne kwenye kiti cha plastiki, magoti yananiuma, nikatazama filamu zilizotengenezwa na watu wa huku kwa simu zao na kwa akili zao, nikatoka nimenyooka kuliko nilivyoingia.

Aliyeniita ni Tusekile. Ni mjukuu wa mdogo wangu Agnesi, binti wa binti yake. Baba yake ni Mnyakyusa wa Mbeya, ndiyo maana ana jina la kule. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita, tulipomzika mama. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, na msiba mzima alituzunguka akituchungulia kupitia ganda la kiberiti alilolitoa droo. Shangazi mmoja alimkemea kwamba anacheza na msiba. Hakuwa anacheza. Alikuwa anatazama.

Miezi miwili iliyopita aliniandikia: "Shikamoo babu. Nimetengeneza filamu fupi kuhusu bibi. Itaonyeshwa Iringa kwenye tamasha letu. Njoo uione."

Nikamjibu, "Nitajaribu."

Sasa niungame. Nilipanga kuja bila kumwambia mtu. Ningekaa nyuma ya ukumbi, niione filamu, nirudi kwenye treni. Nisingefika Igowole, ingawa kutoka Iringa hadi hapa ni safari ya asubuhi moja tu. Sikuwa namkimbia Agnesi. Nilikuwa nalikimbia swali lake.

Swali lake ni moja na halijabadilika kwa miaka thelathini na sita: "Kaka, unarudi lini?"

Na jibu langu ni moja: "Mwakani."

Mara ya kwanza lilikuwa jibu la kweli. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja, nikamwandikia barua kwamba ni mwakani. Kisha nikamwoa Beatrice, nikaandika mwakani. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, mwakani. Barua zikafa, simu zikaja, na neno lile likahamia kwenye simu bila kupoteza hata herufi moja. Tangu lini lilikuwa uongo? Nimefundisha watu kutafuta thamani ya kisichojulikana, lakini tarehe hiyo siwezi kuipata.

Nilishuka treni Mbeya siku ya Alhamisi, nikapata chumba cha kulala wageni Iyunga, karibu na barabara kuu. Asubuhi natoka kutafuta chai, nikaona kitambaa kimefungwa kwenye lango la ghala: "Tamasha la Picha na Filamu, Mbeya na Iringa. Karibu." Kumbe tamasha la Tusekile lina miguu miwili. Picha na vinyago Mbeya, filamu Iringa. Sikujua. Nikaingia kabla ya chai, jambo ambalo kwa umri wangu si dogo.

Mlangoni alisimama ng'ombe wa Usangu mwenye ukubwa wa ng'ombe. Mbavu zake zilikuwa springi za malori, yale yanayopita hapo usiku na mchana kwenda Tunduma. Pembe ni mabomba ya moshi yaliyokunjwa. Macho ni nati mbili. Nilinyoosha mkono nimguse shingo, sauti ikatoka nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Mguse tu, huyo hapigi teke."

"Marahaba. Ni dume au jike?"

Kijana aliyemtengeneza, fundi wa kuchomelea mwenye ovaroli, akamtazama ng'ombe wake kana kwamba hajawahi kujiuliza. "Mzee, malori hayana jike," akasema.

Nilicheka peke yangu njia nzima ya kwenda kutafuta chai. Halafu nikasimama, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi niliondoka huku nikiamini sanaa ni kitu ambacho lazima ukifuate mbali. Nilipokuwa na miaka ishirini na saba nilitaka kuishi mahali penye maktaba. Nimeishi penye maktaba. Na huku nyuma fundi wa kuchomelea akawa anamtoa ng'ombe ndani ya lori.

Jana asubuhi nikapanda basi kwenda Iringa. Tulipopita Mafinga, mahali ambapo njia ya nyumbani huachana na barabara kuu, niligeuza uso nikatazama upande wa pili. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kutojificha kwenye ukurasa huu.

Ukumbi ulikuwa ule wa zamani wa ushirika. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mwanga wa saa nane mchana usiingie. Juu ya taa walifunika vikapu vya nyasi za milulu, vile vile ambavyo mama zetu walisuka kubebea unga, na mwanga ukawa unadondoka ukutani kama unaopita kwenye ungo uliotobolewa. Skrini ilikuwa shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja. Mshono ulipita katikati ya kila uso. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Akina mama na vitenge vyao, wanafunzi, mafundi, mchungaji mmoja na sista wawili. Nikakaa nyuma kabisa, kofia nimeishusha.

Mama wa makamo aliyekaa jirani yangu alinikaribisha karanga za kuchemsha bila kuniuliza jina. "Kula baba, filamu ya kwanza ni ya mpunga, utashikwa na njaa."

Alikuwa sahihi. Filamu ya kwanza ilitoka Rujewa, dakika tisa ndani ya mashine ya kukoboa mpunga. Haikuwa na neno hata moja. Vumbi la pumba lilikuwa likipanda ndani ya mwanga wa dirisha, na wabebaji wa magunia walipita ndani ya vumbi hilo weupe mpaka kope. Nimesoma vitabu vingi vinavyojaribu kueleza kazi ni nini. Aliyeipiga picha hiyo anafanya kazi humo humo mashineni, na alipiga kwa simu wakati wa mapumziko. Ilipokwisha, mama jirani yangu akafuta pua na kusema, "Kumbe ndiyo maana mchele una bei." Watu wa mbele yetu wakacheka.

Zikafuata nyingine kadhaa, kisha ikaja filamu ya Tusekile. Jina likaandikwa juu ya mshono wa shuka: *Chumba cha Mwakani*.

Nilielewa kabla picha haijaanza. Karanga zikanigandia mkononi.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa mdogo, gari la sinema la serikali lilikuja Igowole mara moja au mbili kwa mwaka kutufundisha kulima pareto na kunawa mikono. Watu wa kwenye picha waliposalimia, wazee wetu waliitikia. Mzee yeyote wa Kihehe akisikia "Kamwene" huitika "Kamwene". Hawezi kukaa kimya, ni sawa na kupewa mkono ukauacha unaning'inia. Bwana wa gari akawa anacheka kwenye kipaza sauti: "Wazee, msijibu! Ni picha tu, hawawasikii!" Sisi wanafunzi tukacheka naye. Baba yangu alikuwa mmoja wa walioitikia. Niliona aibu, na aibu hiyo nilisafiri nayo mpaka Kabwe ndani ya sanduku la bati.

Sasa, jana. Kwenye shuka akatokea Agnesi. Amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, sweta la kijani, kilemba cha sufu. Uso wake ukagawanywa na mshono. Akainua macho, akatutazama, akasema:

"Kamwene."

Na Tusekile, mtoto wa ganda la kiberiti, aliacha kimya hapo. Hakukata. Agnesi aliendelea kututazama akisubiri. Binti yule aliwajua watu wake.

Ukumbi mzima ukaitika. Watu mia na zaidi, wazee kwa wanafunzi, sista wawili, mchungaji, pamoja: "Kamwene!" Walioko kwenye ngazi waliitika. Fundi wa projekta aliitika. Na kwenye shuka, Agnesi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata haki yake, ndipo filamu ikaendelea.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa bado napigana na ile aibu ya baba kifuani. Sauti yangu ilitoka wakati wenzangu wameshanyamaza, ikasikika peke yake, kavu, ya mzee: "Kamwene."

Mstari wa mbele kabisa kichwa kimoja kikageuka. Kilikuwa na kilemba cha sufu.

Hakuna aliyeniambia kwamba Agnesi angekuwepo. Wala yeye hakuna aliyemwambia kwamba ningekuwepo. Hakunyanyuka, wala hakupunga mkono. Aligeuka tena mbele, akajitazama kwenye shuka.

Filamu ni dakika kumi na tisa. Ni Jumamosi moja. Agnesi anafungua mlango wa chumba, anafungua dirisha, anakung'uta blanketi, anafagia kuanzia kona ya mbali kuja mlangoni. Anapangusa kitabu cha hisabati ambacho sikukumbuka kwamba nilikiacha. Anarudisha kila kitu mahali pake, anafunga. Sauti ya Tusekile, nje ya picha, inauliza: "Bibi, unafanya hivi mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Chumba kikilala bila kufagiwa kinasahau mwenyewe."

"Na mwenyewe anarudi lini?"

Agnesi anaegemea ufagio. "Mwakani," anasema, na uso wake unakuwa mtakatifu kabisa, kama mtoto anayesoma somo kanisani. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alinipatia kabisa. Ilikuwa sauti yangu ya simu.

Mara tatu nilikuja huku kwa misiba: wa baba, wa shemeji, wa mama. Mara tatu nililala chumbani hapa nikakuta pasafi, nikafikiri wamefagia kwa ajili ya mgeni. Miaka thelathini na nane ya Jumamosi. Hesabu hiyo naiweza bila kalamu, lakini sitaiandika.

Taa ziliwaka. Tusekile akasimama mbele, mrefu, koti la jinzi, mikono mfukoni. Watu wakauliza maswali. Kijana mmoja kwenye ngazi akapaza sauti: "Dada, huyo babu yupo kweli, au bibi anamfagilia marehemu?"

Kicheko tena. Tusekile aliniona hapo. Nilijua kwa jinsi macho yake yalivyosimama kwangu. Angeweza kuninyooshea kidole. Lingekuwa tukio zuri kuliko filamu zote, na watu wangelisimulia mpaka Njombe. Alitazama miguu yake.

"Yupo hai," akasema. "Mengine si yangu kuyajibu."

"Ni ya nani sasa?"

Ndipo Agnesi akasimama. Hakugeuka nyuma. Alijifunga kitenge vizuri, akamwambia yule kijana, "Wewe mtoto una haraka ya wapi? Nimeshasema. Mwakani."

Watu walimpigia makofi wamesimama. Mama wa karanga alipiga vigelegele sikioni kwangu. Mdogo wangu, aliyeishia darasa la saba ili ada itoshe kunisomesha mimi, alisimama mbele ya watu wa Iringa nzima akashangiliwa, na katikati ya kushangiliwa alinifunika aibu yangu kwa neno langu mwenyewe. Sijawahi kujivunia mtu namna ile. Hata siku mwanangu wa kwanza alipohitimu udaktari.

Nje ya ukumbi upepo ulikuwa mkali. Nilimsubiri karibu na meza ya chai. Akaja polepole, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Umeitika mwisho," akasema. "Kama kawaida yako."

"Nishike kidogo, Agnesi, miguu imekufa ganzi."

"Imekufa kwa kukaa nyuma. Ungekaa mbele na wenzako." Kisha akaushika mkono wangu na hakuuachia mpaka tulipopanda gari la kuja Igowole. Tusekile alikaa katikati yetu, akalala kabla hatujaimaliza Iringa, kichwa begani kwa bibi yake. Hakuna aliyeuliza lolote. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali, na swali halikuja.

Nimelala humu. Kitanda ni kile kile.

Asubuhi hii tumetoka kanisani, Agnesi akapita mlangoni na ufagio, kwa sababu jana Jumamosi alikuwa Iringa na chumba hakikufagiwa. Nikamwambia aniachie ufagio. Akakataa. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, ufagio magotini.

Nikasema. Nilisema kwa Kihehe, kibovu, kwa sababu kwa Kiswahili nimeshazoea kudanganya. Nikamwambia kwamba kaburi la Beatrice liko Kabwe, na upande wake wa kulia nimeshapaacha wazi kwa ajili yangu. Kwamba wajukuu wangu wananiita kwa lugha ambayo yeye haijui, na wanaponiita naitika. Kwamba si kwamba sipendi hapa. Kwamba mwakani haipo, na kwa miaka mingi nimejua kwamba haipo.

Ukungu ulikuwa umegusa dirisha. Nilijiandaa kwa machozi, yake au yangu.

"Sasa wewe kaka," akasema, "mahindi yangu yamelala barazani miaka yote na panya, na chumba kikavu kuliko vyote cha nyumba hii kimelala bure. Hukuweza kusema mapema?"

"Agnesi."

"Magunia manane yanaingia hapa. Kumi, tukiondoa kitanda."

"Kitanda kiondoke."

"Kitanda hakiondoki," akasema kwa ukali, na hapo tu ndipo sauti yake ilipovunjika. "Utalala wapi ukija msibani?"

Sikuuliza msiba wa nani. Tukakaa. Baada ya hapo akanyanyuka akafagia, kuanzia kona ya mbali kuja mlangoni, nami nikainua miguu apite.

Mchana tumeingiza magunia. Tusekile ameyabeba mengi kuliko mimi, na katikati ya kazi akaweka gunia chini, akaunda mraba kwa vidole vyake na kumtazama bibi yake mlangoni. Nikamuuliza kama hiyo ni filamu nyingine. Akasema, "Babu, ya kwanza haikuwa na mwisho. Nilikuwa naungojea." Ameniomba ruhusa ya kuonekana. Nimempa. Mwakani... hapana. Anasema akimaliza ataionyesha hapa hapa Igowole, shuka ikitundikwa ukutani mwa nyumba yetu, na watu wataitika wanavyotaka.

Nilitaka kuandika leo kuhusu tamasha, na naona nimeandika kuhusu chumba. Labda ndivyo ilivyo. Nimewahi kuketi katika kumbi zenye mazulia, kwenye miji ambayo majina yake yangewafurahisha wasomaji, nikatazama filamu zilizosifiwa na watu wenye kusoma. Hakuna hata moja iliyonisalimia ikasubiri nijibu. Iliyofanya hivyo imetengenezwa na mjukuu wetu, kwa simu yenye ufa kwenye kioo, katika mkoa ambako bwana wa gari la sinema alitucheka kwa kuwa na adabu. Baba alikuwa sahihi. Aliyesalimiwa huitika. Ningependa mtu amwambie.

Sasa ni saa kumi jioni. Chumba kinanukia mahindi mapya na chokaa. Magunia yamefika mpaka usawa wa dirisha, kitabu cha hisabati kimekaa juu yao, na kitanda kimebaki, kimesukumwa ukutani. Agnesi ananiita nile kabla chai haijapoa. Jumanne nitashuka Mbeya, nimpitie tena ng'ombe wa Iyunga, kisha nipande treni.

Sitarudi kuishi hapa.